Mswada hupikwa kamatini: mwongozo kwa sisi tunaoishi Maine

Ukiwa umeajiriwa hapa Maine mahali penye wafanyakazi zaidi ya 10, kila saa 40 unazofanya kazi zinakupa saa 1 ya likizo yenye malipo, mpaka zifike saa 40 kwa mwaka. Sheria haichagui sababu. Iwe ni homa ya mtoto, msiba, au miadi na wakili wa uhamiaji, saa ni zako. Haki hiyo ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2021. Wengi wetu tunaoamka saa kumi alfajiri kuwahi zamu kwenye nyumba za kulea wazee na kwenye maghala tunaitumia bila kujua ilikotoka.

Ilitoka kwenye mswada LD 369 wa mwaka 2019. Mswada huo uliingia Bungeni ukizungumzia likizo ya ugonjwa tu. Ulipotoka kwenye Kamati ya Kazi na Makazi ulikuwa umegeuka: likizo ya sababu yoyote, jambo ambalo hakuna jimbo lingine la Marekani lilikuwa limelipitisha kabla ya Maine. Lakini pia ulitoka na vifungu ambavyo waajiri walivitaka. Biashara zenye wafanyakazi 10 au pungufu ziliachwa nje, kazi za msimu zikaachwa nje, mfanyakazi mpya akatakiwa kusubiri siku 120 kabla ya kuitumia likizo yake, na miji ikazuiwa kujitungia sheria yake ya likizo. Waliokuwa wakipigania likizo kwa ajili ya mji wa Portland peke yake walijikuta mlango huo umefungwa. Wanaharakati wa haki za wanawake na wafanyakazi walikuwa mezani, na chama cha wafanyabiashara, Maine State Chamber of Commerce, nacho kilikuwa mezani. Kila upande uliondoka na kitu.

Nawaeleza haya kwa sababu moja. Tumezoea kudhani sheria hutungwa siku ya kupiga kura kwenye ukumbi mkubwa, wabunge wakisimama na kuhutubia. Siku hiyo chakula kimeshaiva. Kupika hufanyika wiki kadhaa kabla, kwenye chumba kidogo, na anayetaka chumvi ipungue lazima awe jikoni wakati huo.

Hatua ya 1: Wajue watu 13

Bunge la Maine lina Wawakilishi 151 na Maseneta 35. Usitishwe na hesabu hiyo. Majimbo mengi yana kamati za Seneti mbali na kamati za Baraza la Wawakilishi mbali. Maine ina kamati za pamoja, Maseneta 3 na Wawakilishi 10, jumla 13. Wenyeviti ni wawili, mmoja Seneta na mmoja Mwakilishi. Watu 7 wakikubaliana, una wengi wa kamati. Na kamati nzima ikisema kwa kauli moja kwamba mswada usipitishwe, umekwisha: unawekwa kabatini, na kuutoa humo kunahitaji theluthi mbili ya kura. Miswada mingi hufa hivyo, kimya kimya, bila mbunge wa wilaya yako hata kuigusa.

Kwa hiyo swali lako la kwanza liwe: mswada huu uko kamati gani, na 13 wale ni nani? Majina yao yako kwenye tovuti ya Bunge, legislature.maine.gov. Yaandike. Angalia kama kuna anayetoka wilaya yako au wilaya ya jirani. Mwakilishi mmoja wa Maine anawakilisha watu wapatao 9,000 tu. Mtu anayewakilisha watu 9,000 hununua mboga dukani mnakonunua, na simu kumi kutoka mtaa wake kuhusu jambo moja ni nyingi sana kwake.

Hatua ya 2: Tafuta namba, kisha soma mswada wenyewe

Kila mswada hupewa namba inayotanguliwa na herufi LD. Watu wa Augusta, mji mkuu wa jimbo lilipo Bunge, hawaiti miswada kwa majina, wanasema namba. Ukienda bila namba utaonekana mgeni na utapotezewa muda. Ingiza namba hiyo kwenye tovuti ya Bunge, utaona maandishi ya mswada, aliyeuleta, kamati yake, na tarehe ya kusikilizwa ikishapangwa.

Soma maandishi yenyewe, usisome ujumbe wa WhatsApp unaosema mswada unahusu nini. Mara nyingi ni kurasa mbili au tatu, na mwishoni kuna muhtasari kwa lugha nyepesi. Kiingereza kikiwa kigumu, usomeni mkiwa wanne au watano, mmoja akitafsiri na wengine wakiuliza. Maswali yatakayotoka hapo ndiyo mtakayoipelekea kamati.

Kuna miswada inayoletwa ikiwa wazo tu, aya moja bila vifungu. Hiyo iangalie kwa jicho kali. Vifungu vyake vitaandikwa kamatini, na atakayekuwa karibu siku hiyo ndiye atakayeandika.

Hatua ya 3: Jua nani mwingine anautaka au anaupinga

Hapa ndipo vikundi vya maslahi vinapoingia, na sitaki mtu asome neno hilo akafikiri ni la matusi. Chama cha wavuvi wa kamba (lobster) ni kikundi cha maslahi. Hospitali zina chama chao, walimu wana chao, halmashauri za miji zina Maine Municipal Association, wafanyakazi wana Maine AFL-CIO. Wahamiaji nao wana Maine Immigrants' Rights Coalition. Kila kimoja hutuma watu Augusta.

Kwa nini wana nguvu kiasi hicho? Wengi hujibu kwamba ni fedha. Fedha zina nafasi yake, lakini kwa Maine kuna sababu nyingine mbili ambazo watu hawazitaji. Ya kwanza, mbunge wa Maine hana wafanyakazi wake binafsi ofisini. Hana mtafiti wala msaidizi wa kumsomea mamia ya miswada. Wachambuzi waliopo wanahudumia kamati nzima. Usiku akitaka kujua kifungu fulani kitaigusaje kliniki ya kijijini, anampigia mtu wa chama cha hospitali kwa sababu huyo ana jibu na atapokea simu. Ya pili ni ukomo wa vipindi, ambao wapiga kura waliupitisha mwaka 1993: mbunge hawezi kukaa zaidi ya vipindi 4 mfululizo vya miaka miwili katika chombo kimoja. Wabunge huja na kuondoka. Mshawishi wa kulipwa, yaani mtu anayelipwa na kikundi ili awashawishi wabunge, hubaki miaka ishirini, naye ndiye anayekumbuka kwamba mswada kama huu uliletwa zamani na ulianguka kwa kifungu kipi.

Maana yake kwako ni nzuri kuliko inavyosikika. Kinachonunua nafasi pale ni habari ya kuaminika inayofika kwa wakati. Mtu anayelala na kuamka na kazi ya kuwaogesha wazee ana habari ambayo hakuna mshawishi anayo.

Washawishi wa kulipwa wanaofanya kazi hiyo zaidi ya saa 8 kwa mwezi lazima wajisajili kwenye Tume ya Maadili ya jimbo, na orodha hiyo iko wazi kwa kila mtu. Tafuta nani anamlipa nani. Ukikuta chama ambacho kwa kawaida mnapingana nacho kinaunga mkono mswada wako, usishangae wala usikatae. Uliza kinataka nini.

Hatua ya 4: Ongea kabla ya siku

Siku ya kusikilizwa ikifika bila kamati kukujua, umechelewa kidogo. Wiki moja kabla, mwandikie mbunge wako barua pepe ya mistari mitano: wewe ni nani, unaishi mji gani, namba ya mswada, unachotaka, na ombi la kuzungumza dakika kumi kwa simu. Kisha mwandikie aliyeuleta mswada. Aliyeleta mswada anatafuta watu wa kuja kuuzungumzia. Mara nyingi atafurahi kukusikia kuliko unavyotarajia.

Neno kwa viongozi wa jumuiya na makanisa yetu. Nimewasikia wakisema, "Sisi ni shirika lisilo la faida, haturuhusiwi siasa." Wanachanganya mambo mawili. Kumpigia debe mgombea ni marufuku kwa shirika lenye msamaha wa kodi wa aina hiyo. Kuzungumzia mswada kunaruhusiwa, mradi isiwe sehemu kubwa ya kazi za shirika. Woga huu umetufanya tukae nje ya mlango miaka mingi wakati wenzetu wanaingia.

Hatua ya 5: Andika maoni ya dakika tatu

Watu wetu wakisikia "kutoa ushahidi" wanawaza mahakama, wakili na jela. Ondoa picha hiyo. Ni kutoa maoni mbele ya kamati. Si lazima uwe raia, wala huulizwi hati zako. Utaombwa jina na mji unaoishi.

Hata hivyo, zingatia hili sana: ulichoandika kinawekwa kwenye tovuti ya Bunge, jina lako juu yake, na kinabaki pale. Yeyote anaweza kukisoma. Kama kesi yako ya hifadhi bado inaendelea, usiitaje, na zungumza na wakili wako kwanza. Usiandike anwani ya nyumba wala majina ya watoto. Kama jina lenyewe ni hatari kwako, acha kiongozi wa jumuiya aseme kwa niaba ya watu bila kuwataja.

Mara yangu ya kwanza nilikwenda na kurasa nne. Nilianza na historia ya safari yangu, kambi niliyopita, nikashukuru jimbo kwa kunipokea. Mwenyekiti aliponiambia kwa upole kwamba muda umekwisha, nilikuwa bado sijautaja mswada. Nilirudi Lewiston kimya njia nzima. Kwa kawaida unapewa dakika 3, na dakika 3 ni ukurasa mmoja na robo ukisoma kwa utulivu. Tangu siku hiyo naandika hivi:

"Mheshimiwa Seneta fulani, Mheshimiwa Mwakilishi fulani, na waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Kazi. Naitwa fulani, naishi Lewiston. Naunga mkono LD namba fulani, na naomba mbadilishe jambo moja katika kifungu cha pili. Ninafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kulea wazee. Kifungu kinataka mfanyakazi atoe taarifa kwa maandishi siku saba kabla. Mtoto wangu alipata homa saa nane usiku. Nisingeweza kuandika barua ya siku saba kwa homa iliyoanza saa nane. Naomba muongeze maneno: isipokuwa kwa dharura. Asanteni. Niko tayari kwa maswali."

Ona mpangilio. Salamu zimetajwa kwa vyeo, wenyeviti wakianza, kwa sababu ndiyo desturi ya pale. Msimamo umesemwa mapema. Kuna tukio moja tu, lenye saa na mahali. Halafu kuna maneno kamili ya kuongeza kwenye mswada, na hayo ndiyo wengi huyasahau. Mjumbe aliyeguswa na habari yako anajiuliza afanye nini nayo. Ukimpa maneno matatu ya kuandika, umemrahisishia.

Hatua ya 6: Siku ya kusikilizwa

Maine ina utaratibu mzuri ambao majimbo mengine mengi hayana: kwa desturi kila mswada hupewa siku ya kusikilizwa na umma. Unaweza kwenda Augusta, au kuzungumza kwa video, au kutuma maandishi tu. Jisajili kwenye tovuti mapema, usingoje kikao kianze. Ukihitaji mkalimani au msaada mwingine, mpigie karani wa kamati siku kadhaa kabla, na bado mwombe rafiki awe tayari.

Chumba ni kidogo kuliko unavyowaza. Wajumbe wamekaa kwenye meza iliyopinda kama kiatu cha farasi, kila mmoja na kibao cha jina lake, na anayezungumza husimama katikati akiwaangalia. Baadhi watakuwa wakitazama kompyuta, wengine watatoka na kurudi kwa sababu wana miswada yao kamati nyingine. Usivunjike moyo, si dharau. Anaanza aliyeleta mswada, wanafuata wanaounga mkono, kisha wanaopinga, na mwisho wale wasio upande wowote. Kundi hili la mwisho lisikilize kwa makini kuliko yote. Mara nyingi ndimo wamo maofisa wa idara za serikali, na sentensi moja ya ofisa akisema idara haina watumishi wa kuitekeleza sheria hii inaweza kuuzamisha mswada kuliko hotuba kumi za wapinzani.

Zamu yako inaweza kufika saa tatu baada ya kikao kuanza. Beba maji, na mwambie msimamizi wako wa kazi kwamba hujui utarudi saa ngapi. Ukiulizwa swali usilojua jibu lake, sema, "Nitalitafuta na kuwaandikia," kisha uandike kesho yake asubuhi. Usibuni takwimu. Wajumbe husamehe mengi, lakini mtu aliyewapa namba ya uongo hawamsikilizi tena.

Hatua ya 7: Kikao cha kazi, jikoni penyewe

Baada ya siku ya kusikilizwa watu wetu huona kazi imekwisha, wanapiga picha mbele ya jengo na kurudi nyumbani. Hapa ndipo tunapoachwa.

Siku chache au wiki kadhaa baadaye kamati hukaa kikao cha kazi. Ni wazi kwa umma, unaweza kukitazama mtandaoni, lakini hakuna foleni ya wazungumzaji. Mchambuzi wa kamati husoma muhtasari wa maoni yote na mapendekezo ya marekebisho. Wajumbe hubishana kifungu kwa kifungu. Mwenyekiti akitaka kujua jambo, humwangalia mtu aliyekaa kwenye viti vya nyuma na kumwita mbele: "Kifungu hiki wanachama wenu wanaweza kuishi nacho?" Mshawishi huyo anasimama, anajibu kwa sentensi mbili, na neno "thelathini" linabadilika kuwa "kumi na nne". Kama kiti cha upande wetu kiko tupu, hakuna wa kuulizwa.

Kwa hiyo fanya mambo matatu. Tuma marekebisho yako kwa maandishi kwa mchambuzi na wenyeviti kabla ya kikao, ili yaingie kwenye muhtasari. Hakikisha mtu mmoja wa jumuiya amekaa ndani ya chumba, hata kama hatasema neno. Na kabla ya siku hiyo, kaeni nyinyi wenyewe mjue mnaweza kuachia nini na hamuwezi kuachia nini. Waliokuwa na LD 369 waliachia biashara ndogo na wakapata sababu yoyote. Kama ilikuwa biashara nzuri au mbaya, mfanyakazi wa mgahawa wenye watu wanane atakujibu tofauti na wa hospitali.

Kuongeza pia kuna bei yake. Mwaka 2024 Gavana Janet Mills mwenyewe alileta mswada LD 2273 wa kuwapa wafanyakazi wa mashamba kima cha chini cha mshahara cha jimbo. Kamati ikaongeza haki ya mfanyakazi kumshtaki mwajiri mahakamani. Gavana akaukataa mswada wake mwenyewe kwa sababu ya nyongeza hiyo. Mswada mwingine wa kima hicho ulipita mwaka uliofuata. Waliosimamia ile haki ya mahakamani hawakukosea kuitaka, maana haki isiyodaiwa mahakamani ni nyepesi, lakini mwaka mzima wa mshahara ulipita mashambani katikati ya hapo.

Mwisho kamati hupiga kura. Ikigawanyika, hutoka ripoti mbili, ya wengi na ya wachache, na zote huenda kwenye mabaraza. Ripoti ya wachache yenye watu watano bado ina uhai, iulizie.

Hatua ya 8: Ukumbini, na meza ya fedha

Hapa pana kazi ndogo. Mpigie mbunge wako na Seneta wako kabla ya kura, useme namba ya mswada na ripoti unayotaka aiunge mkono. Washawishi husimama kwenye korido ya ghorofa ya tatu, kati ya kumbi mbili, na wewe una haki ya kusimama pale pale.

Kama mswada unagharimu fedha za jimbo, jihadhari. Hata ukipita mabaraza yote mawili, utawekwa kwenye meza maalumu kusubiri Kamati ya Matumizi ya Fedha iamue, mwishoni mwa kipindi cha Bunge, ni mswada upi ulipiwe. Mswada ulioshinda kila kura unaweza kufia mezani hapo. Lakini kamati hiyo hiyo hufungua milango pia: likizo ya familia na matibabu, wiki 12 zenye malipo, ilipita mwaka 2023 ikiwa ndani ya bajeti.

Kisha unakwenda kwa Gavana, ambaye ana siku 10 bila kuhesabu Jumapili. Sheria ya kawaida huanza kutumika siku 90 baada ya Bunge kuahirishwa.

Hatua ya 9: Kanuni

Sheria ikishasainiwa, idara huandika kanuni za kuitekeleza, na huomba tena maoni ya umma. Kwa LD 369 ilikuwa zamu ya Idara ya Kazi. Nani anahesabiwa kati ya wafanyakazi 10, taarifa itolewe siku ngapi kabla, saa zisizotumika zinahamia mwaka ujao au hapana: maswali kama haya hujibiwa kwenye kanuni, na wanasheria wa waajiri husoma kila rasimu. Omba kuwekwa kwenye orodha ya barua pepe ya idara inayohusika leo, kabla hujaweka simu chini, na uandike tarehe ya mwisho ya maoni kwenye kalenda ile ile unayoandikia zamu zako.